Mtini kwenye uwanja mdogo: anza na kijiti, mizizi uibane

Swali: Habari mtaalamu. Nina kauwanja kadogo nyuma ya nyumba, kama mita 4 kwa 5 hivi, upande mmoja kuna ukuta unaopigwa na jua karibu siku nzima. Jirani kanipa vijiti viwili vya mtini alivyokata kwake, mti wake unazaa vizuri tu. Naanzaje? Nivichomeke chini moja kwa moja au kwenye poti? Kuna mtu kaniambia mizizi ya mtini inapasua ukuta, mwingine anasema bila nyigu hupati tunda hata moja, sasa nimebaki njia panda.

Jibu: Salama dada, na hongera, maana umeshapata kitu ambacho wengi wanakosa, kijiti kutoka kwenye mti ambao umeuona kwa macho yako unazaa. Nikuambie jambo moja mapema kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Mtini sio mti mgumu kuotesha, shida yake ni kinyume chake, ukiupa nafasi kubwa, maji mengi na samadi nyingi unakua kweli kweli, majani mapana kama feni, matawi yanapanda juu, halafu matunda hamna. Kwa hiyo kazi yako kwenye uwanja mdogo ni kuubana, na uzuri ni kwamba huo ubanaji ndio unaoufanya uzae. Eneo dogo kwako ni faida.

Tuanze na nyigu kwa sababu hapo ndipo watu wanakata tamaa kabla hata hawajaanza. Aliyekuambia hajadanganya, ila kasema nusu. Mitini inayolimwa kwa ajili ya kula ina makundi. Kuna ile ya kawaida, ambayo inakuza tunda bila kuchavushwa na kitu chochote, na humo ndimo wamo akina Brown Turkey, Celeste, Black Mission, Kadota na Violette de Bordeaux. Kuna kundi la Smyrna, hilo ndilo lazima lipate chavua kutoka kwa mtini dume, na anayeibeba ni kinyigu kidogo sana kinaitwa Blastophaga psenes, akikosekana tunda linadondoka likiwa bado dogo na kijani. Halafu kuna kundi la katikati, San Pedro, mfano Desert King, mavuno ya kwanza ya msimu yanakuja bila nyigu ila ya pili yanamhitaji. Sasa wewe una jibu tayari, uliza tu jirani kama mti wake unaivisha tini kila msimu, na kama hapo mlipo hakuna mitini dume wala hao nyigu basi huo sio Smyrna, ni wa kundi la kawaida au San Pedro. Kijiti chake ni mti uleule, sio mtoto wake, kwa hiyo kile anachovuna yeye ndicho utakachovuna wewe. Na kwa wale wanaouliza kama ndani ya tini kuna mdudu aliyekufa, hizi za kawaida zinaiva bila mdudu kuingia kabisa, kula kwa amani.

Hii habari ya kijiti ni muhimu kuliko inavyoonekana. Watu wananunua tini kavu, wanatoa mbegu, wanapanda, zinaota kweli, wanatunza miaka na miaka halafu wanaambulia patupu. Mtini wa mbegu ni bahati nasibu, karibu nusu wanatoka madume ambao tunda lao halina maana mdomoni, na kati ya majike wengi bado wanadai nyigu. Ndio maana tangu zamani binadamu ameisambaza mitini kwa kukata tawi na kuchomeka. Mwaka 2006 watafiti waliandika kuhusu tini kavu zilizokutwa Gilgal, bonde la Yordani, zenye umri wa zaidi ya miaka 11,000, na hoja yao ilikuwa kwamba ni za aina isiyohitaji nyigu, yaani huenda watu wa wakati ule walikuwa tayari wanachomeka vijiti kama unavyotaka kufanya wewe. Hoja hiyo ilipata wabishi, lakini mimi naipenda.

Haya, vijiti vyenyewe. Kizuri ni kile kilichokomaa, rangi ya kahawia, unene wa penseli mpaka kidole gumba, urefu sentimita 15 hadi 20, chenye pingili 3 au 4, yaani vile vifundo ambapo majani na macho ya kuchipua yanatokea. Kile cha kijani laini cha juu kabisa kinaoza haraka, kama jirani kakupa hicho mrudie kwa upole umuombe kingine. Kata chini kidogo tu ya pingili ya mwisho, maana mizizi inapenda kutokea pale kwenye pingili, na juu acha kama sentimita moja juu ya jicho. Utaona maziwa yanatoka, acha kijiti kivulini siku moja yakauke. Weka alama upande wa juu ni upi, usicheke, kijiti kisicho na majani ni rahisi sana kukigeuza, na ukikipanda kichwa chini unapoteza muda bure.

Usikichomeke moja kwa moja uwanjani. Inawezekana, kwenye mvua nzuri vinashika, ila una viwili tu na kuku, mchwa, jua na maji ya mafuriko havikuonei huruma. Tumia kikombe cha plastiki cha kuona ndani, toboa matundu chini na pembeni, jaza mchanganyiko mwepesi usioshika maji, mfano mchanga mkubwa uliooshwa na nyuzi za nazi, au perlaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya kuoteshea) kama unaipata. Hakuna mbolea hapo, hakuna samadi, kijiti hakina mizizi ya kula chochote na samadi italeta fangasi tu. Loanisha, kamua kiganjani, ukiona matone yanadondoka ujue umezidisha, kausha kidogo. Zamisha kijiti mpaka pingili 2 ziwe chini, jicho moja au mawili yabaki juu, kisha funika na mfuko wa nailoni mweupe kutunza unyevu na weka mahali penye joto la kama nyuzi 21 hadi 27, mwanga upo lakini jua lenyewe halipigi, maana jua likiupiga ule mfuko ndani panapikika.

Sasa kuna mtego hapa na nataka uushike vizuri. Baada ya wiki moja mbili jicho litafunguka, utaona kijani, majani madogo mawili matatu yananyooka, na moyo utakuambia tayari kimeshika, nikihamishe. Hapana! Hayo majani yanakula akiba iliyo ndani ya kijiti, chini inawezekana hakuna mzizi hata mmoja. Ukikitoa nje siku hiyo, au ukaanza kukimwagia maji kila asubuhi kwa furaha, kinasinyaa na kufa na hutaelewa kwa nini. Angalia kikombe, sio majani. Mizizi ya mtini ikianza inaonekana kama nyuzi nyeupe nene zinazogusa ukuta wa kikombe, baadaye zinakuwa na rangi ya maziwa na chai, na kikombe kinapozungukwa na mizizi kila upande, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 8, hapo ndipo unahamisha. Hata mfuko usiuondoe ghafla, fungua kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka majani yazoee hewa ya nje, na jua pia, anza na la asubuhi. Vikitoa vitini vidogo kipindi hiki, na mara nyingine vinatoa, vinyofoe, vinakula nguvu ya mizizi.

Poti au chini? Kwa uwanja wa mita 4 kwa 5 mimi nasema poti bila kusita, angalau miaka miwili mitatu ya mwanzo. Kwanza unaweza kuusogeza mpaka ujue jua linakaa wapi masaa mengi, maana mtini unataka jua kamili masaa 6 mpaka 8, chini ya hapo unapata majani. Pili mizizi imebanwa yenyewe. Tatu ukihama unahama nao. Anza na poti ya lita 4 au 5, mizizi ikijaa peleka lita 20, halafu mwisho lita 40 mpaka 60, na hapo unaishi nao miaka mingi. Usiruke kutoka kikombe kwenda pipa, udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji, mizizi inaoza. Ndoo kubwa ya plastiki, nusu pipa, mfuko wa kitambaa wa kuoteshea, vyote sawa ilimradi maji yanatoka chini. Na weka juu ya matofali, tafadhali, mtini unatoa mizizi kwenye matundu na kuingia ardhini kimyakimya, siku unataka kuusogeza unakuta umeshajipanda wenyewe. Kila baada ya miaka 2 au 3 utoe, punguza mizizi ya pembeni na ya chini sentimita kadhaa kwa msumeno, rudisha na udongo mpya. Fanya hivyo mti ukiwa umelala, yaani umepukutisha majani na hauchipui, au umetoka kupogolewa, utashangaa jinsi unavyochipua upya.

Kuhusu ukuta, mzizi wa mtini haumvamii mtu kwa chuki, unafuata maji. Mizizi yake mingi inatambaa juu juu na kwenda mbali, ikikuta bomba linalovuja, karo yenye ufa au msingi wenye nyufa na unyevu, inaingia na ikinenepa inasukuma. Ukuta mzima mkavu haupasuki hivi hivi. Ila kama siku moja utataka kuupanda chini, ukae mbali na karo na mabomba, na uchimbe shimo la kama sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, pande nne simamisha vigae vya zege vichomoze kidogo juu ya ardhi, chini weka kokoto na vipande vya matofali sentimita 20 hadi 30, juu ndio udongo. Ni njia ya zamani na inafanya kazi mbili, inalinda ukuta na inaufanya mti uzae mapema. Na huo ukuta wako unaopigwa jua ni mali, unahifadhi joto na kulirudisha jioni, kwenye sehemu za ubaridi ndiyo tofauti ya tini kuiva na tini kubaki kijani mpaka msimu unaisha.

Udongo wa poti usihangaike nao sana, theluthi udongo, theluthi mboji iliyoiva, theluthi mchanga mkubwa au kokoto ndogo. Udongo mtupu wa uwanjani ukiuweka kwenye poti unashikana ukawa tofali. Mtini hauna makuu na pH, kile kipimo cha uchachu wa udongo, 6 mpaka 7.5 unakubali, na udongo wenye chokaa unaupenda.

Maji ndiyo yanaua mitini ya kwenye poti, kwa pande zote mbili. Ingiza kidole sentimita 5, kukiwa kukavu mwagilia mpaka maji yatoke chini, kukiwa na unyevu ondoka. Usimwagilie kwa kalenda. Mchana wa jua kali majani mapana yatalegea na utaogopa, subiri, jioni au asubuhi yakiwa yamesimama hakuna shida ilikuwa joto tu, ila yakiamka asubuhi bado yamelegea na poti ni nyepesi, hapo mti una kiu ya kweli. Na yakilegea wakati udongo umelowa, acha maji kabisa, mizizi inakosa hewa. Tandaza majani makavu au nyasi juu ya udongo, yasigusane na shina.

Mbolea, hapa nitakuwa mkali. Nitrojeni nyingi ndiyo sababu namba moja ya mtini mzuri usiozaa. Mtini wa ardhini wenye afya, kama matawi yake yanaongezeka sentimita 30 au zaidi kwa msimu, haudai chochote zaidi ya mboji juu kidogo. Wa kwenye poti unahitaji kulishwa kwa sababu maji yanasafisha virutubisho, mpe NPK (mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye uwiano sawa, nusu ya dozi iliyoandikwa kwenye mfuko, kila wiki 3 au 4 wakati unachipua, na tini zikishajitokeza punguza. Samadi mbichi ya kuku usiusogeze nayo karibu, narudia, usiusogeze nayo karibu.

Kupogoa kunatisha watu lakini ukielewa tunda linatokea wapi ni rahisi. Mtini unaweza kutoa mavuno mawili. Ya kwanza yanatoka kwenye mti wa msimu uliopita, yale matawi ya kahawia, na ya pili, ambayo ndiyo makubwa kwa aina nyingi, yanatoka kwenye tawi jipya, kila jani na kitini chake kwapani. Kwa hiyo ukikata matawi yote ya zamani unapoteza mavuno ya kwanza lakini ya pili yapo palepale, na kwenye eneo dogo huo ni mkataba mzuri. Mti ukifika kama nusu mita ukate kichwa, acha matawi 3 au 4 yatanuke pembeni, halafu kila msimu ukiwa umelala, au kabla ya msimu wa kuchipua kama uko sehemu ambayo haulali kabisa, rudisha kila tawi pingili 2 au 3 kutoka shina. Yatachipua mapya yenye matunda. Tawi jipya likifikisha majani 5 au 6, bana ncha yake kwa kucha uikate, nguvu inarudi kwenye vitini badala ya kwenda juu. Aina kama Desert King usiikate hivyo, tunda lake la uhakika liko kwenye tawi la zamani.

Ukifanya hiyo kazi vaa glavu na mikono mirefu. Maziwa ya mtini yakigusa ngozi halafu jua likaipiga, yanaunguza, malengelenge kabisa na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi, kwa watoto ndio mbaya zaidi. Pogoa jioni au siku ya mawingu, nawa na sabuni, macho usiyaguse.

Tunda lini? Kijiti kilichotunzwa kinaweza kukuonjesha msimu wa pili, mavuno ya maana mwaka wa tatu. Tini itakaa kijani ngumu wiki nyingi kama imegoma, halafu ndani ya siku chache inavimba, inabadilika rangi (Kadota inabaki na ukijani wa njano, usisubiri weusi), shingo inalegea na tunda linainama kuelekea chini. Lishike kwa vidole, linabonyea bila kupinga, ngozi ina mistari midogo ya kupasuka, mara nyingine kuna tone la asali kwenye tundu la chini. Hapo chuma. Ukichuma na kikonyo kikatoa maziwa mengi umewahi, na tini ikishachumwa haiendelei kuiva kama ndizi au embe, itakuwa laini tu bila utamu. Wiki hizo za mwisho ndizo za kuwa makini na maji, ukiukausha mti halafu ukaufurikisha, au mvua kubwa ikaja baada ya kiangazi, tini zinapasuka na kuchacha mtini. Kama kwenu kuna unyevu mwingi chagua aina zenye tundu dogo lililojifunga, Celeste inasifika kwa hilo, kwa sababu inzi na mbawakawa wanaopeleka uchachu wanaingilia hapo. Ndege na popo watajua siku ya kuiva kabla yako, vishe kila tunda kimfuko cha wavu tini inapoanza kulainika.

Kwenye baridi kali inayogandisha, mti wa poti uingize stoo au gereji ukishapukutisha majani, maji kidogo sana mara moja moja, giza haliudhuru ukiwa umelala. Wa ardhini mkubwa unavumilia mpaka karibu nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri, ukiwa bado mdogo ufunike.

Magonjwa ni machache. Majani yenye mabaka ya njano yasiyo na mpangilio, mengine yamekunjamana, hiyo ni mozaiki, virusi vinavyoenezwa na utitiri mdogo mno na pia kwa vijiti, haina dawa lakini mitini mingi inaishi nayo na kuzaa, wewe angalia tu mti wa jirani usiwe umedhoofu. Mti wa ardhini ukidumaa kwenye udongo wa kichanga fukua mizizi kidogo, ukiona vinundu vinundu ni minyoo fundo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na poti na udongo safi. Ukiona vidoa vya kahawia juu ya jani na chini yake unga wa rangi ya kutu, halafu majani yanadondoka mapema, hiyo ni kutu ya mtini, inapenda unyevu. Mwagilia kwenye udongo usilowanishe majani, fungua katikati ya mti hewa ipite, na majani yaliyodondoka yafagie yote uyachome au uyafukie mbali, usiyarudishe kama matandazo chini ya mti huohuo.